Pengo Alilonitia Baba

Usinionee huruma kwa pengo hili. Kula nakula, mahindi ya kuchoma nayatafuna kwa pembeni, na kwa kupiga mluzi wajukuu zangu wote hawanifikii. Kinachoniuma si meno. Ni Baba.

Kwetu ni upande wa Uganda, karibu na Masafu. Enzi hizo za Mwingereza, mtoto akianza kupevuka aling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Mwenye meno yote alikuwa kichekesho. Walimwita punda, wakamuuliza kama amekwisha kula majani yake. Tena haikuwa urembo tu. Kulikuwa na ugonjwa wa kukaza taya: mtu anajikata na jembe au anakanyaga msumari, na baada ya siku chache mdomo unafungwa kama umetiwa kufuli. Mwenye pengo alinyweshwa uji kupitia pale pale. Asiye na pengo alikufa njaa huku anakitazama chakula. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliamini.

Baba alikuwa kibarua wa reli Tororo, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilirithi jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, niletee maji." "Mama, umeamkaje?" Wee! Nilitembea kijijini kifua mbele kama kwamba nilimzaa kweli.

Siku hizo nilikuwa nasoma kwa katekista, tunaandika herufi mchangani kwa vijiti. Nilitaka shule ya bweni ya masista kuliko nilivyotaka nguo mpya, na Baba alijua. Mwaka wangu wa kung'olewa ulipofika niliogopa, nikaenda kujificha nyuma ya ghala la wimbi. Baba alinifuata mwenyewe. Hakunipiga. Alichutama mbele yangu akasema, "Mama, mwacha mila ni mtumwa. Toka hapo. Ukivumilia bila kulia, nakupeleka shule mimi mwenyewe, kwa garimoshi."

Basi nikatoka. Mzee mwenye kazi hiyo alikuwa na kipande cha chuma bapa, na Baba ndiye aliyenishika kichwa kwa mikono yake miwili. Sikulia. Nilimeza damu, nikamkazia Baba macho, nikawa najiambia moyoni: shule, shule, shule. Jino la pili lilipotoka wanawake walipiga vigelegele, na Baba akacheza pale uani mpaka kofia ikamwanguka. Haki ya Mungu, sijapata kupendwa tena namna ile.

Haukupita muda Baba akapandishwa, akawa mnyapara. Mnyapara hawezi kukaa na wakubwa huku hana dini yao, kwa hiyo akabatizwa, na sisi sote pamoja naye. Tukajengewa nyumba ya mabati, ikaja meza, vikaja vikombe vyenye visahani. Padri akaanza kupita kwetu kunywa chai. Halafu siku moja Baba alirudi kutoka Tororo, akakaa, akafungua mdomo kumwonyesha Mama. Meno mawili mapya, ya fundi Mhindi, yameshikizwa kwenye kibao chekundu kama ufizi! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo hakuniita mama tena; aliniita kwa jina la ubatizo, lile ambalo hata mimi nilikuwa silijui vizuri.

Wageni wakija aliniambia, "Wewe kaa jikoni. Chai ataleta mdogo wako."

Mdogo wangu naye alifika umri wa kung'olewa. Baba akasema, "Binti yangu mimi hatafanyiwa ushenzi."

Mama akamuuliza, "Na ile mwacha mila ni mtumwa?"

"Hayo ya zamani," akajibu. Zamani gani? Haikuwa imetimia miaka mitatu!

Nikangoja ahadi yangu. Siku moja alikwenda misheni, akarudi, akaniita pembeni. "Wamekataa," akasema. "Wenye pengo hawapokelewi." Chuma hakikuniliza, lakini siku hiyo nililia mpaka Mama akanifunika na shuka yake. Nikawachukia wale masista. Nikawaombea mabaya yote ninayoyajua, na mengine nikayatunga. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda, na aliyembebea sanduku kichwani mpaka stesheni ya Tororo ni mimi. Garimoshi lilipoondoka nilibaki nimesimama pale, na ule mwamba wa Tororo umeniinamia, mpaka mfagizi akaniuliza kama nimepotea.

Likizo ya kwanza mdogo wangu alirudi amenona, anazungumza kwa madaha. Tulikuwa tunamenya karanga. Akasema, "Dada, kwani shule uliikataa kwa nini?"

"Nani kakataa?"

"Baba alimwambia Sista hupendi kusoma. Alisema unataka kuolewa tu."

"Walikataa wenye pengo," nikasema.

Akacheka, maskini, hana habari. "Ala! Darasani kwetu wenye pengo wako wanne. Mmoja ndiye kiranja wetu."

Niliendelea kumenya. Nilimenya zile karanga zote mpaka mikono ikauma, na jioni Mama akanisifu kwa bidii.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe wale wazungu niliowalaani hawakuwahi hata kuniona! Ni Baba aliyeona haya kunipeleka mbele yao, akapeleka mdomo usiomwaibisha. Wasomi husema mila hubadilika watu wanapobadilika. Ndiyo, lakini waseme na hili: kuna wanaopata nafasi ya kununua meno mapya, na kuna wanaoachwa na ile mila mdomoni. Kumuuliza sikumuuliza. Kwetu binti hamhoji baba yake. Nikaolewa ng'ambo, Busia ya Kenya, nikanyamaza nayo miaka.

Kisha ikaja habari kwamba Baba amekanyaga msumari wa reli. Nilipofika, taya lilikuwa limekwisha kukaza. Mdogo wangu alikuwa mbali, anafundisha. Mama aliniambia jinsi alivyopigana naye siku ya kwanza, mdomo ulipoanza tu kuwa mgumu, ili ayatoe yale meno ya Mhindi. Baba hakutaka, Mama akayachomoa kwa nguvu, akayatia kikombeni. Dresa wa zahanati alimchoma sindano, akatazama lile pengo, akasema, "Ana bahati huyu. Mpeni uji mwepesi, polepole."

Nikampa mimi. Nilikata bua la jani la boga, lililo wazi ndani kama mrija, nikavuta uji, nikamdondoshea kupitia pengo lake, tone kwa tone, asubuhi, mchana na jioni. Lo, alikuwa mwepesi, shingo kama ya mtoto! Siku ya tano tulikuwa wawili tu, jua limeingia mlangoni, nikaona sasa hawezi kunifokea. Nikasema, "Baba, kwa nini ulimwambia Sista sipendi kusoma?"

Alinitazama. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni. Nikayafuta kwa kanga yangu, nikasema, "Basi. Ukipona utaniambia."

Nikamlisha kwa tumaini hilo. Sikuficha hata kwa Mama: namponyesha ili anijibu. Hata neno moja lingetosha. Hata kuniita mama tu, ningeelewa.

Taya lililegea asubuhi ya Jumapili. Alijaribu mdomo, akafumba, akafumbua. Akaashiria niiname. Niliinama mpaka sikio likagusa ndevu zake.

"Meno yangu," akasema. "Padri anakuja. Nenda jikoni."

Niliyaosha yale meno, nikamvalisha. Lakini jikoni sikwenda. Nilikaa pale pale kitandani kwake, bakuli la uji mapajani, na Padri alipoingia nikamwamkia, nikamchekea mdomo wote wazi. Baba akageuza uso ukutani.