Siku Niliyopanda Mlima wa Barafu Bila Meno

Jamani, hili jambo nimelificha tangu Januari, na mpaka leo nikimwona mtu wa lile kundi letu la mlimani dukani nageuza kitoroli nakwenda upande wa sabuni, lakini maadamu habari imeshafika kwa Waswahili wa Temple Hills na kurudi ikiwa imetiwa chumvi (eti nililia nikimwita mama, uongo mtupu, nilimwita dada), bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa mitambo ya joto na baridi kwenye majengo, nakaa Laurel, huku ughaibuni, na dada yangu Mwanaidi, na kwa miezi kama sita nilikuwa nazungumza na binti mmoja wa Greenbelt, Zuhura, mazungumzo ya heri, ya kutaka kuoana. Baba yake, Mzee Shaabani, ni mtu wa Tanga kama mimi, kastaafu kazi ya maabara, na badala ya kukaa kwenye kochi kama wazee wenzake yeye kila Jumamosi anapanda milima ya kule Virginia na kundi la Waswahili wa kila aina. Zuhura akaniambia, "Ukitaka Baba akujue, twende mlimani." Nikasema mlima ni mlima tu, mimi Lushoto nimepanda sana (nimepanda mara mbili, tena moja kwa gari).

Ijumaa mzee akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, dakika nne nzima. Kule juu si kama huku chini, baridi inazidi kadiri mnavyopanda na upepo unaitia makali, mvua ikinyesha inaganda palepale juu ya mawe, kwa hiyo jinzi na nguo za pamba hataki kuziona kwa sababu zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto la mwili, halafu kila mtu awe na nguo ya akiba ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mtu awe na meno. Meno ndivyo walivyoiita ile minyororo yenye miiba ya chuma unayoivalisha juu ya kiatu ili kishike barafu. Kisha akaanza kuuliza mmoja mmoja. "Bakari, una meno?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Sikuwa nayo. Maduka yalikuwa bado wazi, na hata kuazima ningeazima, lakini nikafikiria Zuhura yumo humo kwenye kundi anasoma, nikaandika neno moja tu, "Ninayo," na kidole gumba juu yake.

Jumamosi asubuhi Laurel jua linawaka, watu wanatembeza mbwa na masweta mepesi, nikasema huyu mzee anatutisha bure. Nikavaa jinzi yangu mpya (ndiyo iliyonikaa vizuri kuliko zote), na kwa tahadhari, si unajua mimi ni mtaalamu wa baridi, nikachomoa kwenye mashine ya kukaushia nguo taiti moja nzito ya dada yangu nikaivaa ndani. Ya pinki. Ina vichwa vya paka kuanzia kiunoni hadi vifundoni. Nikajiambia, nani ataiona?

Tulikuwa watano: mzee, Zuhura, Mama Beatrice ambaye ni nesi wa Bukavu, Otieno ambaye ni Mkenya anayeendesha malori, na mimi. Chini kulikuwa na tope la kawaida. Baada ya saa moja lile tope likawa gumu kama saruji, na tulipopinda kona moja nikasimama nimeduwaa, maana kila mti, kila kijiti, kila jiwe lilikuwa limevikwa kioo, na upepo ukitikisa matawi ule mlima mzima unalia kama kabati la vyombo. Nilitaka kunywa maji, mdomo wa chupa umeganda. Ndani ya saa moja tu! Tumeacha jua nyuma yetu huku nalitazama kwa macho, linawaka kule bondeni kwa watu wengine.

"Haya, vaeni meno," mzee akasema. Wote wakakaa kuvaa, mimi nikajifanya nakaza kamba za viatu.

"Bakari, yako wapi?"

"Yako kwenye begi, Mzee, chini kabisa. Nitavaa pale mbele." (Kwenye begi mlikuwa na vitumbua na chupa ya chai.)

Pale mbele sikufika. Hatua ishirini tu, miguu ikaniruka yote miwili nikakaa kwa makalio, na nikawa gari. Nikampita Otieno, nikamsikia anasema, "Aki huyu ameenda!" nikajaribu kushika kichaka kikanibakia mkononi, nikateremka bondeni hadi kwenye kijito, barafu yake nyembamba ikavunjika, nikaingia maji mpaka kiunoni.

Waliponitoa walikuwa wanacheka, na mimi nacheka, ila Mama Beatrice yeye hakucheka. "Non, non, non. Toa hii pantalon sasa hivi."

"Suruali itakauka, mama, niko sawa," nikasema, huku nawaza paka.

Mzee akaamua tugeuze. Tukaanza kuteremka, mimi nimeshikwa huku na huku, natetemeka mpaka taya linagonga, jinzi imekuwa ubao, kila hatua inalia. Halafu maneno yakaanza kunigomea, nataka kusema "subirini" inatoka "subi." Halafu, na hili ndilo linalonishtua mpaka leo, nikaacha kutetemeka. Nikajisikia vizuri kabisa, hata kajoto, nikataka nikae kidogo tu chini ya mti.

Mama Beatrice akanishika uso. "Ameacha kutetemeka. Shaabani, tunampoteza huyu."

Sijawahi kusikia sentensi kama ile ikisemwa juu yangu. Nikataka kufungua kifungo cha jinzi mwenyewe, nikaviangalia vidole vyangu, havisogei, kama vya mtu mwingine. Otieno ndiye aliyefungua. Ikashuka, paka wote wakatokea.

"Eh, Bakari," Otieno akasema taratibu, "hii nayo ni ya nani?" Zuhura akageuza uso, mabega yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Nayo taiti ilikuwa imelowa, kwa hiyo ikavuliwa vilevile, nyuma ya blanketi la dharura la Mama Beatrice, la kung'aa kama karatasi ya kufungia kuku wa kuoka, nikavishwa suruali ya akiba ya mzee, ya baba mkwe mtarajiwa, akinivisha mwenyewe kama mtoto.

Kisha mzee akafungua begi langu anitolee meno. Akaona vitumbua.

"Meno yako wapi, mwanangu?"

"Sina, Mzee."

"Umeyaangusha?"

"Sikuwa nayo tangu jana."

Nilingoja anifokee. Akakaa juu ya jiwe, akavua yake, akainama kuyavalisha kwenye viatu vyangu. Zuhura akapiga kelele, "Baba, usivue!" akamjibu, "Huyu miguu yake imekufa ganzi. Akianguka tena hatuna cha kumvika."

Tulikuwa tumebakiza kama robo saa kufika kwenye magari alipoteleza. Hakuanguka kwa kishindo kama mimi, aliweka tu mkono wa kulia chini ajizuie, na nikasikia mlio mkavu ambao kwanza nilidhani ni tawi.

Nilipona kwa soda ya tangawizi na mablanketi. Yeye hospitali walimpasua mkono wakamwekea kipande cha chuma cha kushika mfupa.

Wiki iliyofuata Mwanaidi akanipeleka Greenbelt kuomba radhi, maana peke yangu nisingeweza. Tukawakuta mezani wanakula wali. Mzee Shaabani, mtu wa miaka sitini na tano, mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko, alikuwa analishwa na mkewe kwa kijiko, kwa sababu kula kwa kushoto amekataa katakata. Alinikaribisha. Nikasimama pale mlangoni na hotuba yangu yote ikaniishia, nikasema tu, "Mzee, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema, akameza kwanza. "Lakini Bakari, ungesema huna. Ninazo jozi tatu za ziada hapo kabatini."

Jozi tatu! Hapo kabatini, hatua nne kutoka niliposimama. Sikuweza hata kukaa.

Posa haijakataliwa, wala haijakubaliwa. Zuhura anapokea simu zangu, ila ninamsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na anayemjua anajua maana yake ni kwamba hasira haijaisha. Mimi nimekwishaapa: mlimani wakati wa baridi sikanyagi tena kabla mtu mwingine hajalikagua begi langu kitu kimoja kimoja, na nikiulizwa swali mbele ya watu, hata mbele ya mchumba, hata kama jibu litaniumbua, nitasema sina.