Riwaya za Marehemu Mkewe

Mwaka wangu wa pili Birmingham, Uingereza, nilikuwa nikisomea uuguzi na kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Nilikaa mtaa wa Nechells, chumba kimoja na msichana wa Kizanzibari aliyekuwa mwanafunzi kama mimi. Asubuhi tatu kwa wiki nilipanda basi kwenda Erdington kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia.

Mzee huyo alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto hadi viwikoni, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Maneno yake yalikuwa machache. Aliniita "bab", neno la watu wa mji ule la kumwita mtu waliyemzoea, na mwezi wa kwanza sikumbuki kama aliniambia mengi zaidi ya hilo.

Siku moja, baada ya chai, alionyesha rafu ya vitabu kando ya dirisha.

"Unaweza kunisomea kwa sauti?"

"Naweza. Nikusomee kipi?"

"Chochote. Vyote vilikuwa vyake."

Nilichomoa kimoja nikaona haya. Jaladani palikuwa na mwanamke aliyeacha mabega wazi, amekumbatiwa na bwana mwenye buti za kupandia farasi. Mimi ni binti wa mzee wa kanisa kutoka Nyeri. Kitabu cha namna hiyo mama alikikuta chini ya godoro langu nikiwa kidato cha pili, akakitia jikoni kuwashia moto.

Mzee alihisi ninasita. Akanieleza kwamba mkewe alikuwa binti wa meneja wa benki, wa kule Sutton Coldfield kwenye nyumba kubwa. Walikutana kwenye ukumbi wa dansi, na siku ya harusi hakuna hata mmoja wa upande wa mke aliyetokea.

"Yeye alipenda kuongea," alisema. "Mimi nikirudi kazini nilitaka chai na kimya. Miaka yote hiyo alisoma hivi vitabu, nami nikawa namcheka. Sasa nataka kujua alikuwa anatafuta nini humo."

Basi tukaanza. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya lodi mmoja wa zamani, bwana wa Kiingereza mwenye cheo, tajiri, mwenye kiburi, asiyecheka hata kwenye dansi, na binti wa fundi saa aliyemjibu mbele za watu bila kupepesa macho. Mzee alisikiliza amefumba macho, kisha akanikatiza.

"Mtu mwenye jumba kama hilo anampendea nini binti wa fundi saa?"

"Kwa sababu hamwogopi."

"Na huyo binti, anampendea nini yeye?"

Jioni ile, tukimenya viazi, nilimuuliza swali hilo mwenzangu wa chumbani. Hakuinua hata kichwa.

"Wasiofanana huvutana, shoga, hilo halina ajabu," alisema. "Lakini kuvutana ni kwa siku mbili tatu. Kukaa pamoja ndiyo kazi."

Tulipofika kitabu cha tatu ndipo nilipozitilia maanani alama. Pembeni mwa kurasa fulani palikuwa na mstari mwembamba wa penseli. Nilikuwa nimeziona kwenye vitabu viwili vya kwanza, nikadhani mkewe alivitia alama vipande vya mabusu. Lakini hapa bwana mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, amelowa mvua, akimwambia mwalimu wa watoto wake: "Nilikosea. Nilikuhukumu kabla sijakujua." Nikarudia vile viwili vingine. Kila penye mstari, mwanamume alikuwa anaomba msamaha. Mabusu hayakuwa na alama hata moja.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa bila kumwambia. Mimi nilikuwa pale kumpikia chai na kumpa dawa, si kumtonesha kidonda. Lakini yeye ndiye aliyeuliza mkewe alikuwa anatafuta nini, na mimi nilikuwa nimeona. Nikamwambia.

Aliomba kitabu, akakisogeza karibu na dirisha. Akapitisha kidole gumba juu ya ukurasa.

"Sikuwahi kumwambia pole," alisema. "Nikimkosea, nilimtengenezea kitu. Rafu hiyo niliitengeneza baada ya ugomvi mmoja mkubwa."

"Na akaijaza vitabu. Labda alielewa."

"Labda. Lakini bado aliweka alama."

Hatukusoma tena siku ile. Nilipokuwa navaa koti akaniita, akaniomba nimpigie simu binti yake. Nilijua tu kwamba yupo na kwamba haji. Sasa akanieleza kwamba siku ya mazishi ya mkewe alimwambia binti mbele ya watu kwamba amekuwa na majivuno kama bibi yake mzaa mama, yule aliyesusia harusi. Tangu hapo hawakusemezana.

Nilibonyeza namba nikampa simu. Nilitaka kutoka, akanishika mkono wa koti.

"Ni mimi," alisema. "Yale niliyokwambia mazishini, nilikosea." Akategea sikio. Kisha akanisogezea simu, uso umemsawijika. "Amekata?"

Nikasikiliza. "Hajakata. Analia."

Akairudisha sikioni. "Mama yako angetaka niseme mapema," alisema. "Pole, mwanangu."

Jumamosi binti alikuja. Nilipofika Jumatatu mzee alinieleza kwamba walikunywa chai vizuri, halafu wakagombana kuhusu hita ya kupasha nyumba joto, yeye akitaka izimwe na binti akitaka iwake. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Akaanza kumsomea baba yake, na mimi nikabaki na siku zangu tatu na kitabu changu, binti na chake.

"Anasoma mbio kama anakimbilia treni," mzee alinilalamikia. "Na wakikaribia kubusiana, anafungua ukurasa mwingine."

"Umemwambia arudi nyuma?"

"Namwambia. Anasema yeye ni binti yangu, kuna vitu hawezi kunisomea." Akacheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka. "Mama yake angejua la kumjibu."