Maganda ya Kambamiti Chini ya Mikorosho ya Mama

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ubaya wa mwalimu wa baiolojia ni kwamba hawezi kuona ugonjwa akanyamaza. Mwaka ule mikorosho ya mama yangu kule Mitole ilishikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajatunga. Majirani wakapuliza salfa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikasema nitatumia kitini.

Kitini ndicho kinachomfanya mende alie ko! ukimkanyaga. Ni sukari iliyosukwa ikawa ngumu, nayo imo kwenye gamba la panzi, gamba la kambamiti, na kwenye kuta za seli za ukungu, uyoga ukiwamo. Mkorosho hauna kitini hata chembe, kwa hiyo ukikionja unajua adui kaingia, unaanza kutoa vimeng'enya vya kumkatakata. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: nizike maganda ya kambamiti chini ya miti, vijidudu vya udongoni viyamegue, mizizi ionje vipande vyake, na mti mzima ujiandae kwa vita. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Kwenye gunia ilinuka. Nilichukua magunia mawili Kivinje kwa akina mama wanaomenya kambamiti, wakanishukuru kwa kuwapunguzia inzi. Tulipofika Nangurukuru, dereva wa lori alinitoa kiti cha mbele akanipandisha juu pamoja na mzigo, akisema si haki mtu na harufu yake kutenganishwa safarini.

Sasa, jaribio la sayansi lina taratibu zake. Baadhi ya miti unaipa dawa, mingine unaiacha ili ulinganishe. Ile niliyoipa nikaifunga kitambaa chekundu nisije nikasahau. Nilianzia pembe nne za shamba nikamalizia katikati, alfajiri, kabla jua halijaamsha harufu. Pekupeku, kwa sababu viatu vyangu nilivionea huruma. Na bila kumsalimia mtu, maana nilikuwa nimeziba pua na mdomo kwa leso. Yeyote aliyekulia huku kwetu ameshajua nilichofanya. Mimi peke yangu, mwenye cheti, sikujua. Nilikuwa nimelizindika shamba kama mganga anayelikinga kwa hirizi, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja.

Habari zilimfikia mama kabla sijanawa mikono. Mama anawasomesha wanawake wenzake Kurani; kwake kuzindika ni shirki, na shirki haina mjadala. Shikamoo yangu hakuiitikia. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kunipata tangu nizaliwe, na liliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Shamba la marehemu baba yako umelitia uchawi," alisema. "Korosho yake sili, na wewe sili nawe."

Nikaeleza. Nikamwonyesha ganda, nikamkamatia panzi, nikamwonyesha na uyoga aliokuwa ameuweka kwa mboga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uyoga na mende ni ndugu?"

Nikasema kwa upande wa kitini, ndiyo. Akanyanyua chungu akawamwagia kuku uyoga wote. Jirani aliyekuwa ametega sikio uani kwake akaenda kutangaza, na kwa wiki nzima Mitole haikula uyoga. Mbuzi wa watu, walioshindikana miaka yote, wenyewe wakawafunga kamba wasikanyage kwetu. Kitini kilikuwa kimefukuza kila kitu isipokuwa ubwiri.

Siku ya nane mama akaja shambani na jembe.

"Tufukue," alisema. "Shimo kwa shimo. Nikikuta hirizi, sina mtoto. Nisipokuta, nitakuomba radhi mbele ya wanafunzi wangu."

Mama hana mzaha na maneno ya namna hiyo. Nikaanza kuyaogopa mashimo niliyoyachimba mwenyewe.

Tukafukua. Maganda, funza, harufu ya kufa mtu. Maganda tena. Aliyachambua kwa vidole kama anayechagua mchele. Tulipofika kwenye mkorosho mkubwa wa katikati akasema basi, inatosha, ameridhika. Lakini mimi hasira zilikuwa zimenipanda. Nikamwambia hapana, mama, umenitenga siku nane, leo tunafukua yote. Akasema acha. Sikuacha, nikachimba mpaka nikapitiliza chini ya maganda yangu.

Jembe likagonga chupa. Kichupa cha dawa, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kanga kilichooza, ndani karatasi yenye maandishi yaliyofifia. Nikaapa wallahi si yangu, nikaapa mara ya pili.

"Najua si yako," mama alisema. Akakaa chini palepale, kwenye majani makavu. "Ni yangu, niliizika mwenyewe. Ulikuwa na miezi saba, hunyonyi, hulii. Hospitali walituambia tukurudishe nyumbani. Baba yako hakujua mpaka anakufa."

Nilimwonea huruma, na nilijionea haya kwa ile hasira yangu. Akaichukua chupa, akaifuta mchanga, akairudisha shimoni kwa mkono wake. Kisha akaniuliza kama hayo maganda yangu kweli yanaponya.

"Sijui, mama," nikasema. "Nilikuwa najaribu tu."

"Wala mimi sikujua," akasema. "Fukia."