Sufuri Niliyoiandika Chini ya Jina la Mama Zaina

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata sasa viganja vinanitoka jasho. Na kwa kuwa umeniletea dosie yako ya kuomba ruzuku ya utafiti niisome kabla hujaituma, mwanangu, itabidi uisikie leo. Kaa, chai iko hapo. Ukurasa wako wa tisa nitaufikia mwishoni.

Wakati ule nilikuwa asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, wa fizikia chuoni hapa Kasongo, msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye haraka na mwenye kujiona. Usicheke, hata mimi niliwahi kuwa kijana. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa likitoa ruzuku ndogo kwa watafiti wachanga wa vyuo vikuu wanaotumia setilaiti. Wazo langu halikuwa gumu. Setilaiti inakadiria mvua kwa kuyatazama mawingu toka juu, lakini nani huku kwetu Maniema amewahi kuhakikisha kama makadirio hayo ni kweli? Nikasema nitapima mvua hapa chini, kisha nilinganishe. Kamati yao ilitaka kuona kwamba kazi imeanza: vipimo vya miezi mitatu, siku kwa siku, kutoka sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ilikuwa uani kwangu. Ya pili ilikuwa Wamaza, kule Kabambare, kwa mkulima wa mpunga aliyeitwa Mama Zaina. Alikuwa amesoma hadi darasa la sita tu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanafunzi wangu wengi. Nilimpelekea chupa yenye alama za milimita, tukaifunga juu ya nguzo mbali na miti, nikampa na kaye, daftari la kuandikia. Kila siku saa moja asubuhi asome mvua iliyonyesha tangu jana, aiandike kwenye tarehe ya jana, amwage maji. Nikakaza sauti kama mtu mkubwa, nikamwambia asiruke hata siku moja. Yeye akaitikia, "Sawa, Mwalimu," na mume wake, Baba Ramazani, akacheka akasema sasa mke wake ameolewa na chupa.

Miezi miwili ya kwanza nilikwenda mwenyewe kwa pikipiki kunakili. Mwezi wa tatu mvua ziliharibu njia, dereva wangu akakataa katakata, na Wamaza simu haikushika. Zilikuwa zimebaki siku tatu za kutuma ombi. Basi nikachukua vipimo vya uani kwangu, nikaongeza kidogo hapa, nikapunguza kidogo pale, nikavijaza vyote chini ya jina la Mama Zaina. Kuna siku moja ya mwezi huo ambayo Kasongo kulikuwa na jua kali, tukaanika mihogo hadi jioni. Kwangu ilikuwa sufuri, nikaandika na Wamaza sufuri. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri. Sikufichi, nililala.

Siku chache baadaye nikasikia sokoni kwamba kule Kabambare mto umemchukua mtu. Nikasema maskini, nikaendelea kuchagua samaki.

Zikapita wiki kadhaa, kamati ikaniandikia. Nilikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Nilisoma mstari huo mara tatu, nikamwita na jirani aje ausome. Halafu nikafika aya ya pili. Walisema kuna siku moja inawashangaza. Siku hiyo setilaiti ilionyesha mawingu mazito mno juu ya Wamaza, mawingu ya mvua kubwa, na mpimaji wangu ameandika sufuri. Kama mpimaji yuko sahihi, walisema, basi umegundua kosa kubwa la setilaiti, na kazi ya namna hiyo ndiyo tunayotaka kuisaidia. Tutumie picha ya ukurasa wa daftari lake.

Nikatafuta tarehe. Ilikuwa ile siku ya mihogo.

Nikaikagua tena tarehe, haikubadilika. Lakini kinachonishtua zaidi mpaka leo, mwanangu, ni wazo la kwanza lililonijia. Halikuwa kukiri. Niliwaza nipande pikipiki nikamwombe Mama Zaina aandike ukurasa ule upya. Mimi, ambaye nilikuwa nikiwanyima wanafunzi alama kwa kunakiliana.

Nilifika Wamaza siku ya pili, nimejaa matope hadi magotini. Nilimkuta Mama Zaina ndani, ameketi kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, shemeji yake yuko mlangoni. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante kukuya, Mwalimu," akasema. "Njia iko mubaya sana, na weye umekuya kunipa pole."

Sikujua pole ya nini. Nikainamisha kichwa, naye akadhani ni huzuni. Ni shemeji aliyenieleza. Baba Ramazani alikuwa akivuka mto, anatoka kwenye mpunga, maji yakashuka kwa ghafla. Walimpata kesho yake, mbali sana huko chini. Nikauliza ilikuwa siku gani, na alipoitaja, nikakaa chini bila kukaribishwa.

Mama Zaina akaomba aletewe kaye yake. Akaifungua mwenyewe.

"Sikuruka hata siku moja," akasema. "Ulisema tusiruke."

Kwenye siku ile hakukuwa na namba. Ulikuwapo ule mwandiko wake mzuri, umenyooka kama kawaida: Imejaa. Imemwagika. Asubuhi ambayo watu walikuwa wakimtafuta mume wake kandokando ya mto, yeye alitoka akaenda kwenye nguzo, kwa sababu msichana mmoja wa Kasongo alimwambia asiruke. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na weye kule uliandika namna gani?" akauliza. Alitaka tu kuona kazi yake imefika wapi.

Ningeweza kusema karatasi za ombi nimeziacha Kasongo. Zilikuwa ndani ya mfuko, mapajani mwangu. Nikampa. Akapitisha kidole akalipata jina lake, akatabasamu kidogo kuliona limechapwa. Kidole kikateremka hadi ile siku, kikasimama. 

"Hakukuwa mvua?" akauliza polepole. "Sasa bwana yangu alikufa na maji gani?"

Akakirudisha kidole juu, kwenye jina lake.

"Hii jina ni yangu, Mwalimu. Hii sufuri ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Basi uitoshe kwa jina yangu. Uiondoe."

Hakunitukana wala hakunifukuza. Aliniwekea chakula nikala nikilia. Niliporudi Kasongo niliiandikia kamati ukweli wote, pamoja na picha ya ukurasa ule. Walijibu kwa ufupi: dosie imefungwa. Hilo nililitegemea. Sikutegemea mstari wa mwisho. Waliniambia nirudie kusoma maelekezo ya fomu yao. Nikarudia. Yaliandikwa waziwazi kwamba siku isiyopimwa iachwe tupu, na sababu ielezwe pembeni. Barabara mbovu ilitajwa kabisa, kama sababu inayokubalika. Nilikuwa nimetia uongo kwenye jina la mama wa watu ili kuziba tundu ambalo hakuna aliyeniambia nilizibe.

Sasa ukurasa wako wa tisa. Vipimo vyako vya Kabambare havina hata siku moja iliyokosekana. Na jana wewe mwenyewe ulinilalamikia kwamba pikipiki hazipiti na daftari la mpimaji wako halijafika. Usiniambie kitu, sijauliza. Chukua kalamu.

Neno langu ni hili. Siku usiyoijua iache tupu, uandike kwa nini. Soma fomu mpaka mwisho kabla hujaanza kuogopa. Na jina la mtu ukiliweka kwenye karatasi yako, usiliwekee neno ambalo hakulisema, kwa maana hujui siku ile ilimpitia vipi.

Mungu akufungulie njia ya Kabambare, mwanangu, akuvushe salama kila mto. Akujalie ruzuku hiyo, au akunyime nawe ubaki mzima. Na siku mpimaji wako atakapoomba kuona ulichoandika chini ya jina lake, akujalie umpe karatasi bila mkono kutetemeka.