Chai Yangu ya Mumbai

Hapa Erdington, Uingereza, nyumba pekee inayonialika pilau ni ya Bi Zuhura, Mzanzibari mwenzangu. Alipokuwa akijiandaa kumpeleka mama yake Mumbai kutibiwa, nilimwambia nimewahi kuishi huko. Sijawahi. Niliogopa nikikosa la kuzungumza hataniita tena.

Aliporudi aliniita tuangalie picha. Lile lango kubwa la bandarini nililitaja haraka, maana nililiona kwenye kalenda ya duka la viungo. Likafuata jumba lenye makuba meupe.

"Hapo nilikuwa nakunywa chai kila jioni," nikasema, machozi yakinilengalenga.

Bi Zuhura akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Hii ni Brighton, kaka, hapahapa Uingereza. Tulikwenda na watoto kumalizia filamu iliyobaki kwenye kamera."

Akanisogezea sahani.

"Kula, pilau inapoa."