Racheti ya Mpini Mrefu

Fundi aliyetoka Kitale kutengeneza mashine ya kusagia mahindi pale Kabuchai alizoea kupangusa spana zake kabla ya kuzitumia, moja moja, kisha kuzilaza juu ya gunia, racheti fupi, ile spana ya kuzungusha bolti bila kuiondoa, ikiwa karibu na goti lake. Nanyama, mwenye mashine, alijua kwamba bolti moja yenye kutu, iliyogoma kufunguka, ikikatikia ndani ya injini, mashine itanyamaza msimu wote wa mavuno. Mkono wa fundi ukaifuata racheti fupi, iliyomfaa tangu ujana wake kwenye matrekta ya Wazungu. Nanyama akamwona akiishika na kuitazama bolti ile. Fundi akairudisha guniani, akachukua ile ya mpini mrefu.

“Ati leo unasaidiwa na chuma kirefu, mzee?” Mukhisa, aliyeleta mahindi yake, akamchokoza. “Si zamani ulikuwa unafungua na hiyo fupi tu?”

“Hiyo nguvu ya zamani ilikata bolti mingi, bana,” akajibu kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa.

Akavuta taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bolti ikalia, ikalegea. Nanyama akashusha pumzi. Naye fundi akaiokota racheti fupi, ambayo haikuwa imeguswa na grisi, akaipangusa tena kwa muda mrefu, akaiweka chini kabisa ndani ya sanduku lake la vifaa.