Likizo ya Siku Mbili

Gervas alikuwa na wiki moja tu ya mwanawe kila Desemba, na wiki hiyo aliandikiwa. Mahakama ya Upper Marlboro ilipomtenganisha na mkewe Leokadia mwaka 2003 iliamua kwamba binti yao Abigail akae na mama yake Temple Hills. Shule zikifungwa kwa majira ya baridi, Krismasi ingekuwa ya mama. Kuanzia tarehe ishirini na sita, saa sita mchana, hadi siku ya Mwaka Mpya, mtoto angekuwa wa baba. Gervas hakubishana. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye kuongea taratibu, na wakati ule aliona wiki nzima ni kitu kikubwa kwa mwanamume anayeishi chumba kimoja huko Herndon, asiyejua hata kusuka nywele za mtoto.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi dogo linalobeba abiria kutoka maegesho ya mbali hadi kwenye milango ya uwanja wa ndege wa Dulles. Alishusha watu, akapakia watu, akageuza. Katika eneo lile lote la Washington hapakuwa na mahali alipopajua vizuri kuliko pale.

Mwaka ule wa kwanza Abigail alikuwa na miaka mitano. Gervas alimchukua Temple Hills akiwa amevaa koti jipya la zambarau, wakapitiliza moja kwa moja hadi uwanjani, kwa sababu mdogo wake Gervas, Laurean, alikuwa anaingia siku hiyo akielekea masomoni Texas. Ndege ilichelewa kwa saa nne kwa sababu ya theluji. Baba na mtoto wakakaa kwenye viti vinavyotazama milango ile ya kioo wanapotokea wageni wakishamaliza forodha. Abigail alianza kulialia. Gervas akatafuta la kumtuliza, akamwonyesha mama mmoja wa Kihabeshi aliyeshika maua.

"Unadhani yule anamsubiri nani?"

"Bibi yake," Abigail akasema.

Milango ikafunguka, akatoka bibi kizee aliyejifunika mtandio mweupe, na yule mama akapiga magoti palepale kwenye vigae. Abigail alisimama juu ya kiti akapiga makofi, kana kwamba yeye ndiye aliyemleta yule bibi kutoka Addis.

Laurean alifika, akakaa siku tatu, akaenda zake Texas. Mchezo ukabaki. Mwaka uliofuata hakuna aliyekuwa anakuja kutoka popote, lakini Abigail alipopanda gari tu akauliza, "Tunaenda kuona watu?" Basi wakaenda. Gervas akamnunulia chokoleti ya moto, wakakisia hadi giza lilipoingia: huyu anamsubiri mume, huyu mjomba, huyu hajui anamsubiri nani ndiyo maana ameandika jina kwenye karatasi. Kesho yake walipika ndizi na nyama, mtoto akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Siku ya Mwaka Mpya wakampigia simu Bibi huko Bukoba. Ndivyo ilivyokuwa 2004, 2005, 2006 na 2007, wala Gervas hakuwahi kuuliza kama iendelee. Yeye aliona ameshaipata namna yao ya kusherehekea, ambayo Leokadia hana na wala sheria haikuigawa. Aliwasimulia hata madereva wenzake.

"Unampeleka mtoi kwa airport siku ya off?" Ndirangu, dereva mwenzake kutoka Nyeri, alimwuliza siku moja. "Si hiyo ni job, buda?"

"Anapenda," Gervas alijibu.

Mwaka 2008 Abigail alikuwa na miaka kumi. Alikuwa bado anaelewa Kiswahili lakini ameacha kukijibu. Baba akisema hiki, yeye anarudisha Kiingereza. Uwanjani alikaa na kofia ya sweta imemfunika hadi machoni. Milango ikafunguka, akatoka askari mwenye begi begani, na msichana wa rika la Abigail akachomoka kwenye kundi, akamrukia shingoni, miguu ikining'inia. Watu waliokuwa karibu wakapiga makofi. Gervas naye akapiga.

"Umeona, Abi? Baba yake yule."

"Nataka kwenda nyumbani," mtoto akasema kwa Kiingereza.

"Sawa, twende. Tutapitia dukani tuchukue ndizi."

"Nyumbani, Baba. Kwa Mama."

Gervas alimgusa paji la uso, akadhani ana homa. Alimpa dawa ya mafua na kumlaza mapema. Siku zilizobaki wakazimaliza wakitazama televisheni.

Novemba 2009 ikaja barua ya wakili wa Leokadia, ikiomba mpango wa likizo ubadilishwe kwa manufaa ya mtoto. Ndirangu aliisoma barua ile wakiwa kwenye chumba cha kupumzikia madereva, akaikunja, akamrudishia.

"Usisaini kitu bila lawyer. Hii wiki ni yako."

"Nitawasikiliza kwanza."

"Ukishawasikiliza imeisha hiyo."

Huko Upper Marlboro hawakuingizwa mbele ya jaji. Waliketishwa kwenye chumba kidogo, Gervas upande mmoja wa meza, Leokadia upande mwingine, na kati yao mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na watoto wa wazazi walioachana. Alisema amekaa na Abigail mara mbili. Alisema ni mtoto mwenye akili na anampenda baba yake, na kwamba yale atakayoyasoma ameyaandika kama alivyoyasikia. Kisha akavaa miwani.

"Kila mwaka Baba ananipeleka uwanja wa ndege kutazama watu wengine wakifurahi. Hakuna mtu tunayemsubiri. Tukirudi nyumbani anaingia bafuni analia. Anafungua maji ili nisisikie, lakini nasikia. Sitaki kwenda tena, ila msimwambie."

Chumba kile kilikuwa na dirisha linaloangalia ukuta. Gervas aliutazama ukuta. Angeweza kusema kwamba mwaka wa pili ni mtoto mwenyewe aliyeuliza kama wanaenda kuona watu. Angeweza kusema kwamba hakulia kila mwaka. Aliyahesabu kichwani: mwaka wa tatu hakulia, mwaka wa nne ndiyo, wa tano ndiyo. Akaona hesabu hiyo haimsaidii.

"Mheshimiwa baba, una la kusema?" yule mama akauliza.

"Alisema msiniambie," Gervas akajibu.

Yule mama alivua miwani. Akaeleza kwamba sheria inamtaka asome. Baada ya hapo maneno yalikuwa machache. Wiki ikawa siku mbili, tarehe ishirini na nane na ishirini na tisa, na yule mama akashauri siku hizo ziwe na shughuli za kitoto, zenye ratiba. Gervas akasaini penye alama.

Leokadia alimfuata kwenye korido. Alikuwa ametoka kazini hospitali na bado amevaa viatu vyeupe vya uuguzi.

"Baba Abi, sikumfundisha yale maneno."

"Najua."

"Na mimi nimeyasikia leo kwa mara ya kwanza. Hata hayo ya kulia."

"Najua, Leokadia."

"Ungenipigia simu," Leokadia akasema. "Hata kama tumeachana. Mtu halii bafuni miaka sita."

Gervas alitaka kumwambia kwamba si miaka sita. Badala yake alimshikia mlango apite.

Desemba ile theluji nyingi ilianguka wiki moja kabla ya Krismasi, ikarundikwa pembeni mwa barabara hadi ikawa nyeusi. Tarehe ishirini na nane Gervas alimchukua mwanawe saa tatu asubuhi. Ratiba alikuwa ameiandika. Walienda kuteleza kwenye barafu huko Reston, yeye akiwa nje ya kizuizi ameshika glavu za mtoto. Walienda sinema, wakatazama katuni ambayo Abigail alikuwa ameshaiona na hakusema, ila Gervas aligundua kwa sababu alikuwa akicheka kabla ya mzaha kufika. Jioni mtoto alisimama mbele ya friji.

"Naweza kufungua?" akauliza kwa Kiingereza.

"Abi, mbona unaomba? Hapa ni kwenu."

"Sawa."

Asubuhi, kabla ya kufungua friji ileile, akaomba tena. Blanketi alikuwa amelikunja kwa pembe nne na kuliweka juu ya mto, kama afanyavyo mgeni.

Mchana walikaa kwenye mgahawa wa piza. Gervas alikuwa amekesha akiyapanga maneno.

"Yale uliyomwambia yule mama wa mahakamani," akaanza.

Abigail akainua kichwa haraka. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba, samahani," akasema, kwa Kiswahili.

Gervas alitaka kumwambia kwamba hana kosa, kwamba mkosaji ni mtu mzima aliyemkalisha mtoto kule uwanjani miaka yote ili yeye mwenyewe asikae peke yake. Alikuwa nayo maneno hayo, ameyapanga tangu usiku. Mhudumu akaja na sinia, akauliza nani aliagiza yenye uyoga, akaweka sahani, akaleta pilipili, akaondoka. Gervas akasukuma kipande upande wa mwanawe.

"Kula, itapoa."

Wakala. Hakuna aliyerudi kwenye mazungumzo yale, siku ile wala baadaye.

Saa kumi na mbili jioni alimrudisha Temple Hills. Leokadia alifungua mlango, akampokea mtoto begi. Abigail alivua viatu, kisha akakumbuka kitu. Akageuka, akasimama wima, akampa baba yake mkono, akamwambia kwa Kiingereza kile ambacho mama yake alimfundisha kuwaambia wazazi wa wenzake wa shule kila anapotoka kwao.

"Asante kwa kunikaribisha."

Leokadia alianza kucheka, akanyamaza katikati.

"Karibu tena," Gervas akasema, na akaushika ule mkono mpaka mtoto mwenyewe alipouvuta.